Bakteria wa kuchachusha na sumukuvu kwenye nafaka: jinsi ya kuwatumia bila kujidanganya

Mara ya kwanza nilipochachusha mahindi yaliyokuwa na kauvundo kidogo nilifurahi kweli, maana siku ya pili ule uvundo ulikuwa umepotea kabisa, ndoo inanukia uchachu safi, nikajua kazi imeisha. Kumbe wapi. Uchachu ulikuwa umefunika harufu ya ukungu tu, na sumukuvu yenyewe, yaani sumu anayoitengeneza ukungu, haina harufu, haina rangi, haina ladha, kwa hiyo nilichofanya ni kuizima ile taa moja niliyokuwa nayo ya kunionya. Ndo maana naanza na hili kabla hujashika ndoo: bakteria wanapunguza sumukuvu, hawafufui nafaka iliyooza, na ukiwapa mzigo mbovu watakurudishia mzigo mbovu unaonukia vizuri.

Sasa sumukuvu sio kitu kimoja, ni kundi zima, na hapa ndo watu wanapotea kwa sababu bakteria anayeiweza hii haiwezi ile. Aflatoksini inatoka kwa kuvu wa Aspergillus, ndo inayotisha zaidi, inaharibu ini na inaleta saratani ya ini, na iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula cha mifugo kilichotengenezwa na karanga zenye kuvu. Fumonisini inatoka kwa kuvu wa Fusarium na inapenda sana mahindi. Afu kuna ile inaitwa DON kwa kifupi (deoksinivalenoli), iko sana kwenye ngano, shayiri na mahindi, nguruwe akiila anasusa chakula au anatapika, na mwenzake zearalenoni ambayo mwilini inajifanya homoni ya kike na kuvuruga uzazi wa mifugo. Okratoksini yenyewe inashambulia figo. Zote hizi kuchemsha hakuziondoi, maji yanachemka nyuzi 100 na aflatoksini inaanza kuvunjika huko nyuzi 237 na kwenda juu, yaani kuvu anakufa kwenye sufuria lakini sumu aliyoiacha inabaki imekaa tu.

Bakteria wanafanyaje kazi basi

Wale tunaowazungumzia zaidi ni bakteria wa asidi laktiki, ndugu zao wale wa mtindi na uchachu, majina kama Lactiplantibacillus plantarum, Limosilactobacillus fermentum na Lacticaseibacillus rhamnosus. Wanachofanya kikubwa kwa aflatoksini ni kuinasa. Ukuta wa seli ya bakteria una matabaka ya sukari na protini ambayo sumu inajigandisha humo, kama vumbi linavyoshika kwenye sweta la sufi. Aina ya rhamnosus iitwayo GG kwenye majaribio ya maabara imeshanasa karibu asilimia 80 ya aflatoksini B1 (aina mojawapo ya aflatoksini) iliyokuwa kwenye maji, na cha kushangaza ni kwamba bakteria waliokufa kwa joto au kwa asidi wananasa vilevile na saa zingine hata zaidi ya walio hai. Hiyo ni habari njema sana kwa mpishi, inamaanisha kuchemsha baada ya kuchachusha hakuharibu kazi yote.

Ila ona vizuri, kunasa sio kuvunja. Sumu bado ipo, imeshikwa tu, na ukiisuuza suuza kwa maji sehemu yake inaachia. Na ile asilimia 80 ni ya maji safi ya maabara yenye bakteria wengi kupita kiasi, ndoo yako ina unga mzito, wanga, mafuta, kila kitu kinagombania nafasi, kwa hiyo usiibebe hiyo namba ukaipeleka jikoni.

Kazi ya pili, na mimi ndo naipenda zaidi, ni kwamba wanamzuia kuvu asitengeneze sumu nyingine. Wanashusha pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka ujue uchachu umepanda) hadi chini ya 4, wanatoa asidi laktiki na asidi nyingine nyingine ambazo kuvu hazipendi, na wanamaliza sukari iliyo rahisi kabla kuvu hajaifikia. Kazi ya tatu ni kuigeuza sumu iwe kitu kingine, na hapo bakteria wa asidi laktiki sio mabingwa, mabingwa ni wengine ambao nitawafikia nikigusa mifugo.

Kitu kingine ambacho watu hawakiambiwi: saa zingine ukipima baada ya kuchachusha namba inapanda badala ya kushuka. Usidhani kipimo kimeharibika. Kuna DON ambayo mmea wenyewe ulishaifunga na sukari ili ijilinde, kipimo cha kawaida kinaweza kisiione, bakteria wakija wanakata ile sukari na sumu inajitokeza. Haikuzaliwa kwenye ndoo, ilikuwepo imejificha.

Kabla ya bakteria

Hapa sitaki kurefusha ila siwezi kuruka, kwa sababu kuchambua peke yake kunaweza kukupunguzia sumu nyingi kuliko uchachushaji wote. Sumukuvu haijasambaa sawasawa kwenye gunia, imejikusanya kwenye punje chache mbaya sana, pengine punje moja imebeba sumu ya kuchafua maelfu. Mwaga nafaka kwenye kitu chenye rangi moja, mwanga uwe mzuri, toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye unga wa kijani au njano au waridi. Afu zitie kwenye maji, zinazoelea engua zote utupe. Kama ni mahindi koboa, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, ila pumba zinazotoka ndo zimebeba ule mzigo sasa, usiwape kuku ukaona umeokoa kitu.

Unyevu: mahindi ya kuweka yawe chini ya asilimia 13.5 hivi. Kama huna mita chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kidogo na kijiko kimoja cha chumvi kavu kabisa, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Chumvi isiposhika ujue uko chini ya 15, sio lazima umefika 13, kwa hiyo mimi huwa naongeza siku moja ya jua hata kama chupa imesema sawa.

Na hapa nijibu lile swali linaloulizwa kila mara, kwamba si tununue bakteria wa unga tunyunyizie kwenye gunia? Hapana. Bakteria anahitaji maji mengi kuliko kuvu ili aishi. Kwenye nafaka kavu bakteria amelala fofofo, hafanyi lolote, na ukisema uilowanishe kidogo ili aamke, hapo katikati kuna kiwango cha unyevu ambacho bakteria bado hakimtoshi ila kuvu anashangilia. Nafaka inakuwa kavu kabisa au inazama kabisa kwenye maji, hapo katikati ni eneo la kuvu.

Kutengeneza chachu

Chukua nafaka yako iliyo safi kuliko zote, hapa usitumie ile ya mashaka, saga. Kikombe kimoja cha unga, kikombe kimoja na nusu cha maji yaliyochemshwa yakapoa (maji yenye klorini nyingi yanawachelewesha), koroga kwenye chupa safi ya kioo, funika na kitambaa au mfuniko uliolegea. Nasema uliolegea kwa sababu mimi nilikaza, nikaenda kulala, usiku nikasikia kishindo jikoni nikadhani mwizi, asubuhi dari ina unga.

Weka mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 32. Kesho yake utaona mapovu mengi na harufu sio nzuri, kama majani yaliyolowa au hata kama jibini bovu, usishtuke na pia usishangilie, hao wanaotoa gesi siku ya kwanza na ya pili sio tunaowataka. Kila siku mwaga sehemu kubwa, bakiza kama robo, ongeza unga mpya na maji mapya kwa kipimo kilekile. Kufikia siku ya nne au ya tano harufu inabadilika, inakuwa kali safi kama ya tunda bichi, mapovu yanakuwa madogo madogo, na karatasi ya pH ukiichovya inasoma 4 au chini. Nunua hizo karatasi, ni kitu kidogo ila bila hizo unabahatisha. Ulimi unajua uchachu lakini haujui tofauti ya 4.6 na 3.9, na hiyo tofauti ndo usalama wenyewe.

Mtindi kama kianzio? Unaweza, ila bakteria wa mtindi wamezoea sukari ya maziwa, kwenye nafaka wanasuasua. Ukipata chachu ya plantarum iliyotengenezwa maalum kwa ajili ya nafaka ni bora zaidi, inaanza kazi haraka. Ukiona juu ya chupa kuna manyoya, hata kadoa kadogo ka kijani au cheusi au cha waridi, tupa chupa yote. Usikwangue juu ukatumia chini.

Siku ya kazi

Mfano tuseme kilo 5 za mahindi yaliyochambuliwa na kukobolewa. Loweka kwenye maji ya kutosha masaa 8 hadi 12, mwaga yale maji, suuza mara mbili. Hatua hii ina faida yake peke yake kwa sababu fumonisini inayeyuka kwenye maji, ukimwaga maji umemwaga na sehemu yake, aflatoksini yenyewe haitoki kirahisi hivyo. Kama kuna joto kali usipitishe masaa 12.

Saga ikiwa mbichi mbichi, changanya na maji safi hadi iwe kama uji mwepesi wa kumiminika, afu tia chachu yako, nusu lita kwa kila lita tano za mchanganyiko. Najua wengi wanatia kijiko. Kijiko kitachachusha pia, tatizo ni muda: ukianza na bakteria wachache pH inachukua siku nzima kushuka na kwenye hiyo siku nzima mlango uko wazi kwa yeyote, na pia kumbuka kunasa sumu kunategemea idadi, bakteria wachache wananasa kidogo. Tia nyingi.

Funika, mfuniko ulegee, nyuzi 30 hivi, usifungue fungue. Masaa 6 ya kwanza hakuna cha kuona. Kufikia masaa 12 juu kunakuwa na mapovu na ukisogeza sikio unasikia kama mnong'ono. Pima pH masaa 12, iwe imeshuka chini ya 4.5. Kama bado iko 5 na kitu, kuna shida, chachu ilikuwa dhaifu au kuna baridi, na mimi hapo sisubiri, natupa. Kwenye masaa 24 hadi 36 inafika 3.8 hadi 4, simamisha hapo.

Kwa nini nakazania pH na muda hivi? Kuna bakteria mwingine anaitwa Burkholderia gladioli, anaipenda nafaka iliyolowa hasa mahindi, na anatengeneza asidi ya bongkreki, sumu kali ambayo nayo haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2020 huko China watu 9 wa familia moja walikufa baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa ambazo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye friji kwa muda mrefu. Yeye hapendi asidi kali, kwa hiyo ulinzi wako ni chachu nyingi yenye nguvu, pH kushuka haraka, na kutoacha unga uliochachuka ukae siku na siku. Kwa wanaosema ukichachusha wiki nzima sumukuvu inaisha yote, mi nasema hapana, kunasa kunatokea mapema sana, hata dakika za mwanzo bakteria akigusana na sumu inashika, siku za ziada zinaongeza hatari kuliko faida.

Ikishachachuka iache itulie saa moja, juu yatatokea maji ya njano njano. Yamwage taratibu bila kutibua. Ndani yake kuna bakteria wanaoelea na sumu waliyoishika pamoja na ile iliyoyeyuka, kwa hiyo usiyanywe, usiwape mifugo, usiyatumie kama chachu ya raundi ijayo. Hili la mwisho watu wanalikosea sana, wanachukua maji ya ndoo ya mashaka kuanzishia ndoo nyingine na kubeba sumu kutoka mzigo hadi mzigo. Chachu yako itunze kando, ilishwe nafaka safi tu. Ni kweli unamwaga na vitamini B kidogo, ni gharama unayolipa. Ongeza maji safi koroga taratibu mara moja tu, acha itulie, mwaga tena, usirudie rudie maana kama nilivyosema ukisuuza sana sumu iliyonaswa inaanza kuachia.

Afu pika vizuri.

Kwa mifugo

Hapa mambo ni tofauti na kwa kweli ni bora kuliko jikoni. DON ina kipande kwenye umbo lake kinachoitwa epoksidi, ndo meno yake. Kwenye tumbo la ng'ombe waliwahi kumpata bakteria aliyepewa jina BBSH 797 anayeng'oa hayo meno, inabaki kitu chenye sumu ndogo sana, na sasa anauzwa kama unga wa kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, anafanya kazi ndani ya tumbo. Ndo sababu pia ng'ombe anaivumilia DON kuliko nguruwe, ng'ombe ana hao wafanyakazi mbele kabla chakula hakijafyonzwa. Kwa fumonisini kuna kimeng'enya kilichotokana na bakteria kinachoikata, nacho kinauzwa kwa chakula cha mifugo. Ukinunua bidhaa yoyote ya hivi soma lebo imeandikwa sumu gani, kama imeandikwa "inaondoa sumu zote za kuvu" mi naiweka chini natembea.

Kwa saileji, yaani malisho mabichi yanayoshindiliwa na kuchachushwa ili yakae, tumia chachu ya plantarum au ya ndugu yake buchneri, kipimo cha kawaida ni bakteria laki moja hadi milioni moja kwa kila gramu ya malisho, lakini hapo kazi yao ni kuzuia kuvu mpya. Shindilia, toa hewa, funika siku hiyohiyo. Bakteria hawawezi kushindana na hewa inayoingia kwenye tundu la turubai. Na sehemu iliyoota ukungu itupwe kweli, usichanganye na nzuri ili "isionekane", kwa ng'ombe wa maziwa aflatoksini B1 inageuka aflatoksini ya aina nyingine, M1, na kutokea kwenye maziwa.

Shambani watu wananiuliza kuhusu Aflasafe. Hiyo sio bakteria jamani, ni kuvu wa Aspergillus flavus walewale ila wa aina isiyotengeneza sumu, wanatawanywa shambani wiki mbili tatu kabla ya kutoa maua ili wawahi nafasi kabla ya wale wabaya. Inafanya kazi vizuri sana, na ukiweza kuipata anzia huko, ndoo iwe ya mwisho. Bakteria wa shambani wapo, kina Bacillus subtilis, wanapakwa kwenye mbegu au kupuliziwa, wanazuia Fusarium na Aspergillus kiasi, ila matokeo yao yanayumba kutegemea na hali ya hewa.

Kupima

Ukipeleka kiganja kimoja cha nafaka maabara umepoteza hela. Kwa vile punje mbaya ni chache, kiganja kimoja kinaweza kutoka kisafi kabisa kwenye gunia la sumu. Chota kidogo kidogo sehemu nyingi, juu, katikati, chini, pembeni, ifike kilo kadhaa, saga YOTE, changanya, hapo ndo uchukue sampuli ya kupima. Pima nafaka kabla ya kuchachusha, sio baada, kwa sababu baada ya kuchachusha kipimo cha strip (kile cha kijikaratasi cha kuchovya) kinaweza kuvurugwa na asidi na pia kikashindwa kuona sumu iliyonaswa, unapata namba nzuri ya uongo. Ulaya kikomo cha aflatoksini zote kwa pamoja kwenye nafaka ya kuliwa ni maikrogramu 4 kwa kilo, Marekani 20. Nafaka yako ikisoma mara kumi ya kikomo cha kwenu hakuna chachu itakayoirudisha chini yake, usimpe mtu wala mnyama, na usimpe mtoto hata ile iliyo karibu karibu na kikomo.

Sheria yangu mwenyewe kwa sasa: nachachusha nafaka ambayo ningeila hata bila kuchachusha. Ile ya kauvundo naifukia, na nikishafukia naweka jiwe juu maana kuku wana tabia ya kufukua.